Kumwosha Asiye na Ndugu

Vijana wangu, juzi mliniita kwenye semina yenu pale ukumbi wa kanisa, mkanipa kiti cha mbele na soda baridi, mkataka niwaeleze faida za kujitolea. Niliongea vibaya. Najua niliongea vibaya kwa sababu mlipiga makofi kabla sijamaliza. Kisha binti mmoja wa nyuma akasimama akauliza, "Babu, wewe mwenyewe ulipata nini?" Nikamjibu, "Baraka," nikaketi. Jibu la baraka ni jibu la mtu anayetaka kurudi nyumbani.

Leo nimekaa barazani kwangu hapa Isevya, goti limegoma, sina pa kwenda. Nitamjibu yule binti sawasawa. Ila msitegemee jibu la kuchangamsha. Kama mnatafuta la kuchangamsha, mkamwulize mchungaji.

Mimi ni Petro Maganga. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume hapa mjini Tabora tangu ndevu zangu hazijaota vizuri hadi zikaota nyeupe. Mhudumu si daktari wala nesi. Daktari anaandika, nesi anachoma sindano, mhudumu anaondoa kilichomwagika. Nimeosha watu, nimegeuza watu, nimelisha watu, na waliokwisha nimewasukuma kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kule nyuma, mochwari, gurudumu moja likilia njia nzima kama mtoto wa mbuzi.

Kazi hii sikuijua nilipoanza. Wiki yangu ya kwanza nilipewa mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Usoke, pande la mtu, amevunjika nyonga na mkono. Nikaambiwa nimwogeshe. Nikachota maji bombani, nikalowesha kitambaa, nikampaka usoni pwaa! Yule bwana alikuwa na mkono mmoja mzima, na mkono huo ulikuwa wa mkulima. Beseni likaruka, maji yakatulowesha wote wawili, na mimi nikajikuta nimekaa sakafuni nahesabu meno kwa ulimi.

Mzee Sudi alicheka hadi akaomba kukaa kwenye kitanda cha jirani. Huyu Sudi ndiye alikuwa mkubwa wetu wahudumu, Mmanyema wa Kanyenye, mtu wa kanzu safi Ijumaa na mikono inayonuka sabuni ya kipande siku zote. Alipomaliza kucheka akaniinua.

"Petro, wewe ungekubali mtu usiyemjua akushike uso?"

"Hapana, Mzee."

"Basi anza na mkono. Mkono umezoea wageni, tunapeana kila siku. Ukimaliza mikono, miguu. Uso uache mwishoni, mkishafahamiana. Na maji yapime kwa kiwiko. Kiganja cha mfanyakazi kigumu, kinadanganya."

Mengine alinifundisha kidogo kidogo, na nawaachia bure. Fungua sehemu unayoiosha, kwingine funika. Mgonjwa si samaki sokoni. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya, hata kama amepoteza fahamu, kwa maana masikio ndiyo hulala mwisho. Mtu aliyelala bila kujigeuza, mgeuze wewe, ubavu huu kisha ubavu ule, la sivyo nyama ya nyongani inaanza kuoza angali hai; hicho ndicho tunachokiita kidonda cha kulala. Shuka livute hadi lisiwe na mkunjo. Mkunjo unaouona wewe ni mdogo, yeye ameulalia kutwa. Na unapomlisha uji, kijiko kije kutoka chini. Kikitoka juu, mgonjwa anainua kidevu kukifuata, uji unaingia njia ya pumzi.

Makosa mengine hata Mzee Sudi hakuyategemea. Siku moja niliambiwa nimnyoe mguu mgonjwa anayekwenda kupasuliwa. Nikaenda kitandani, nikamkuta mtu amelala fofofo, nikamnyoa mguu mzima vizuri hadi ukang'aa. Mgonjwa mwenyewe akarudi kutoka chooni na magongo yake. Niliyemnyoa alikuwa shemeji yake, amekuja kumtazama, kachoka na safari ya kutoka Kaliua, kajinyoosha kidogo. Miaka ilipita, yule shemeji akiniona sokoni anakunja suruali.

Mambo yamebadilika, siwezi kukataa. Zamani shuka tulizichemsha kwenye pipa, tukazikoroga kwa mti kama ugali wa msiba. Magodoro yalikuwa ya sufi, likilowa limelowa. Siku hizi magodoro yana plastiki, mashine inafua, glavu zipo siku nyingi kuliko siku zisizokuwepo. Lakini hospitali zetu zinamtegemea ndugu leo kama zilivyomtegemea jana. Nesi ni mmoja na vitanda havihesabiki. Anayeleta uji ni ndugu. Anayefua, anayegeuza, anayekimbilia duka la dawa, ni ndugu. Sasa mfikirie yule asiye na ndugu. Saa ya chakula wodi inajaa vikapu na harufu ya mchuzi, watu wanaulizana hali, na yeye anatazama ukutani.

Mzee Sudi hakuweza kuvumilia jambo hilo. Alikuwa akiniambia, "Nyie Wanyamwezi mababu zenu walibeba pembe na mizigo kutoka hapa hadi pwani. Mtu akiugua njiani, yuko Ugogo au Uzaramo, ndugu zake wako huku. Nani amzike? Ndipo ukaja utani. Mtani wako anakutukana ukiwa mzima, ukifa anashika jembe. Kwa hiyo asiye na ndugu, mtafutie utani." Naye alifanya hivyo. Alitenga uji wake mwenyewe akawapelekea. Nilimwona, nikamsifu, nikaenda nyumbani kwa mke wangu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mtu wa kumwendea.

Nilipostaafu, nilipanga kupumzika na Maria. Tulikuwa na shamba dogo la karanga na mizinga ya nyuki kwa kaka yake. Maria alifariki kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Presha. Alikuwa anachambua mchele, akasema kichwa kinamgonga, akalala. Watoto walikuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wakalia nami, wakarudi. Wanapiga simu, sina lawama. Lakini simu ikikatwa nyumba inarudi vilevile. Nilikuwa nasonga ugali mdogo, naula nusu, nusu nawapa kuku. Kuna siku nilikohoa nikashtuka, kumbe ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yangu tangu asubuhi.

Siku moja nikapika uji wa ulezi, nikatia asali, nikaujaza kwenye chupa ya chai nikaenda wodini. Sista Neema, nesi mkuu wa wodi, alikuwa mezani kwake.

"Shikamoo Mzee Maganga. Umesahau nini?"

"Marahaba. Sijasahau kitu. Nani hajaletewa uji?"

Akanionyesha kwa kidevu vitanda vitatu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujitolea, na mnaona hapakuwa na utakatifu wowote. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa. Baadaye nilipotangaza kanisani, tulijikusanya wengi, kwaya ya akina mama na vijana wa rika lenu. Wiki ya kwanza wodi ilijaa mpaka Sista Neema akatuomba tupunguze. Tukapigwa picha. Mama mmoja wa Kihindu mwenye duka la nafaka karibu na soko akawa anatutolea unga. Kisha kilimo kikaanza, watu wakaenda mashambani, na hawakurudi. Simlaumu mtu. Kumgeuza mzee mwenye kidonda si kitu cha kufanya kwa furaha kila Jumanne. Duka la yule mama lilifungwa alipohamia kwa mwanawe. Nikabaki mimi na chupa yangu.

Hapo ndipo alipoletwa Pazi.

Aliletwa na gari la kubeba tumbaku kutoka Kaliua. Alikutwa amelala sakafuni kwenye bani la kukaushia tumbaku, upande wa kulia umepooza, mdomo umepinda. Aliyemleta alikuwa dereva tu, alimshusha akaondoka. Jina alilitaja mwenyewe kwa shida: Pazi. Mzaramo wa Kisarawe, alikuja huku ujanani na magari ya mizigo, akaacha magari, akashika tumbaku, akazeeka humo.

Nilivuta kiti. "Mzaramo," nikamwambia, "umefuata nini huku mbali na ngoma? Ona sasa, Mzaramo akikosa ngoma anapooza."

Jicho lake zima likanigeukia. Nilidhani nimemwudhi. Akajikusanya, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo kama maji kwenye mfereji uliobomoka. "Mnyamwezi. Kazi yenu... kubeba. Nibebe... nikakojoe."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Sista Neema akachungulia. Vijana, nyinyi mnacheka kila saa mkitazama simu, hamwezi kujua. Kwangu mimi kicheko kilikuwa hakijatoka tangu tulipomfukia Maria, na nilipokisikia nilitazama nyuma kuona ni nani.

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa Pazi. Asubuhi nilimwosha, nikianzia mkono ule uliopooza, maana ndio uliokuwa na haya. Nilimgeuza. Nilimlisha. Aliniita mpagazi, nami nikamwita bwana ngoma. Uji ukiwa mwepesi alisema Wanyamwezi wanapika kama wanaogopa sufuria. Wagonjwa wa jirani walianza kutusubiri kama watu wanaosubiri kipindi cha redio. Nikirudi nyumbani nilikula ugali wote, kuku wakakosa. Nililala. Naam, yule binti wa nyuma, ulitaka kujua nilipata nini: nilipata usingizi. Nilipata mtu wa kunitukana. Usidharau, ni vitu vikubwa.

Lakini Pazi alikuwa na jambo lake. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa saa ya kuwaona wagonjwa, alinyanyua kichwa. Siku za mwanzo hakusema. Baadaye akasema.

"Nina mtoto... Usinge. Mwanaidi. Hajui niko hapa."

Sista Neema alijaribu kupiga simu huku na kule, hakuna aliyemjua. Nikasema nitakwenda. Hakuna aliyeniomba, wala Pazi mwenyewe hakuniomba. Nilimwona tu jinsi anavyonyanyua kichwa.

Nilipanda basi hadi Kaliua. Kutoka Kaliua kwenda Usinge nikabebwa na bodaboda, vumbi limenipaka hadi kope. Njia ile zamani miombo ilifunga pande zote mbili. Leo unaona visiki, kisha mashamba, kisha visiki tena, miti imeingia yote kwenye moto wa mabani. Niliulizia nyumba kwa nyumba. Wengi walidhani nimetumwa na mtu wa mikopo. Mwisho mwanamke mmoja akanielekeza kwenye banda la nyasi nyuma ya nyumba ya tofali.

Mwanaidi alikuwa anafunga majani ya tumbaku kwenye fito, peke yake. Mwanamke wa makamo, mikono imeingia weusi wa utomvu wa tumbaku usiotoka kwa sabuni. Aliponiona alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Natokea Tabora mjini. Nimekuja... nimekuletea habari za Mzee Pazi. Baba yako. Yuko hospitali, amepooza. Anakuulizia."

Alikaa. Akaokota jani, akalifunga, akaokota jingine. Nilisubiri. Kazi yangu ilinifundisha kusubiri.

"Wewe ni nani yake?" akauliza.

"Mtani wake. Nilikuwa mhudumu hapo, nimestaafu. Siku hizi najitolea. Namwosha, namlisha."

"Unalipwa?"

"Hapana."

"Unapenda tu."

"Ndiyo, kama kusema napenda tu."

Akaacha tumbaku. Hakupandisha sauti, na nilitamani apandishe.

"Mzee, nikueleze. Baba yangu, tulipouza tumbaku, alikwenda Mpanda na mwanamke, mama akiwa ameanza kuumwa. Akasema anarudi kesho. Mama alilala ndani humu msimu mzima. Mimi nilikuwa bado sijavunja ungo. Nilimwosha mimi, nikamgeuza mimi, mpaka mgongo wake ukatoboka, na sikujua unafanywaje usitoboke. Alikufa nikiwa nimekwenda kuchota maji. Baba alirudi miaka imepita, amelewa, anauliza chakula." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Siku zile nyie wa kujitolea mlikuwa wapi?"

Vijana, nimejibu maswali mengi ya ndugu wa wagonjwa. Nimewajibu watu wanaopiga kelele na watu wanaozimia.  Safari hii niliona tu mgongo wa mwanamke nisiyemjua, na mtoto wa kike ameshika kitambaa, hajui kwamba alitakiwa kumlaza ubavu.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

"Basi siji. Ungenywa maji kabla hujaondoka."

Alinipa maji kwenye kikombe safi, akanisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, akarudi kwenye tumbaku yake.

Niliporudi wodini Pazi alikuwa ameegemezwa na mto. Sikuwa nimemwambia nakwenda wapi, lakini wodi haifichi kitu. Alinitazama viatu vilivyojaa vumbi.

"Amekataa," akasema.

"Amekataa."

 Kisha akasema neno moja safi kabisa, kama mdomo haujawahi kupinda: "Ana haki."

Nilitarajia alie, au atukane. Hakufanya lolote. Nilimtania, nikamwambia Mzaramo hakati tamaa ngoma ikiwa bado inapigwa. Alitabasamu kwa adabu, tabasamu unalompa mgeni. Mlango wa wodi ulipofunguliwa saa ya kuwaona wagonjwa, hakunyanyua kichwa. Wala kesho yake. Hakunyanyua tena.

Akaacha kula. Si kwa kukataa. Alifungua mdomo nikamlisha, uji ukatoka pembeni. Nilibadilisha ulezi nikaleta mtama, nikaongeza asali, nikasaga karanga. Nilimgeuza kuliko nilivyowahi kumgeuza mgonjwa yeyote, na bado nyonga ya kushoto ikafunguka. Nilipokiona kile kidonda nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ujuzi wangu wote, na wa Mzee Sudi nyuma yangu, ulikuwa umeshindwa na mtu ambaye hakutaka tena. Sista Neema akaja akaketi karibu nami.

"Mzee Maganga, umefanya kila kitu."

"Ndicho kinachoniumiza, mwanangu. Kama kungekuwa na kilichobaki, ningekifanya."

Siku yake ya mwisho ilikuwa asubuhi ya jua, wodi imepigwa deki, dirisha wazi. Nilikuwa nimeshika kijiko. Akausogeza mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, polepole. "Mpagazi," akasema, "tua. Umefika." Nikaweka kijiko. Hakusema tena, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameondoka.

Pazi alikuwa Mwislamu, mimi Mkristo. Nilikwenda msikitini nikaeleza: kuna mwenzenu hana mtu. Sitasahau wema wao. Walikuja wazee kadhaa na sanda na uvumba, hawakuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, akanishika bega kwa upole. "Umemtunza, tumesikia. Sasa tuachie sisi. Kuosha maiti kuna taratibu zake."

Alikuwa na haki, nami nilijua. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje ya chumba. Nilikuwa nimemwosha mtu yule kila asubuhi, naujua mwili wake kuliko ninavyoujua wangu, makovu yake, mahali anaposhtuka, na maji yake ya mwisho niliyasikia yakimwagika nyuma ya mlango. Mikono yangu nikaikalia, sikujua niiweke wapi.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Yule mzee wa miwani akachungulia. "Samahani, ndugu. Kidonda chake kiko upande gani? Tusimuumize."

"Nyonga ya kushoto," nikasema. "Na maji yawe ya vuguvugu."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga. Hakucheka. Hapo ndipo nililia, vijana. Sikulia kwa Maria namna ile.

Nilishika jembe, kama mtani anavyotakiwa. Tulikuwa wachache. Udongo wa Tabora wakati wa kiangazi mnajua wenyewe ulivyo. Sururu ilikuwa inaruka. Tukamweka, tukamfukia, wakasoma dua, tukaachana njia panda kila mtu kwake.

Sasa sikilizeni. Mnaambiwa kwamba anayejitolea bila kutaka malipo hupata malipo makubwa zaidi. Ni kweli, nami nimewaambia niliyoyapata: usingizi, kicheko, mtu wa kunitukana. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba malipo hayo yamo ndani ya mtu yule yule, na mtu akienda anakwenda nayo. Hayawekwi akiba. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali mdogo, nikala nusu. Kuku wakafurahi. Nilikaa ndani muda mrefu bila kwenda wodini, na vitanda vile havikukaa vitupu kunisubiri. Waliokuwa hapo wakati huo hawakupata uji wangu, na sijui majina yao.

Baadaye nikarudi, kwa sababu nyumbani palikuwa pabaya zaidi. Sina sababu nyingine nzuri ya kuwapa. Siku hizi naenda goti likiniruhusu, na haliniruhusu mara nyingi. Sista Neema amehamishwa. Nesi aliyepo ni mzuri, ila ananiambia, "Babu, kaa tu, utaanguka." Nalisha mmoja, wawili, na mkono unatetemeka, kijiko kinagonga meno. Jumatano iliyopita kulikuwa na mzee kitanda cha mlangoni ambaye hakuna aliyemgeuza. Niliweka mikono chini yake nikashindwa. Nikamwomba radhi, nikamsogezea tu mto.

Nimalizie la Mwanaidi, kwa sababu alikuja.

Yalikuwa yamepita majuma baada ya maziko. Nilikuwa hapa hapa barazani nikamwona anapita akiulizia, amevaa kitenge kizuri cha safari. Alinisalimu, nikamkaribisha kiti. Hakutaka chai.

"Nimesikia amefariki."

"Amefariki, mwanangu. Pole."

"Ulipomwambia nimekataa, alisema nini?"

Kulikuwa na maneno mengi matamu ya kumpa. Lakini alikuwa ametoka Usinge kwa ajili ya swali hilo, sikuona haki ya kumdanganya. "Alisema una haki."

"Halafu?"

"Basi. Hakusema jingine."

"Hakunilaani?"

"Hapana."

Alikaa akitazama mikono yake, weusi wa tumbaku ungali kwenye kucha. "Afadhali angenilaani," akasema. "Laana ningeikasirikia. Hii sasa nifanye nayo nini?"

Nilimwuliza kama angependa nimpeleke kaburini. Akasema miguu haimpeleki. Nikamsindikiza stendi, mimi nachechemea, yeye anapunguza mwendo kunisubiri. Basi la Kaliua lilikuwa linajaza abiria, utingo anapigia kelele viti vya mwisho. Akaweka mguu kwenye ngazi, akageuka.

"Mzee, mimi sina mtoto. Mume aliondoka. Siku nikilala kule Usinge, nani ataniosha?"

Ningeweza kusema Mungu atafungua njia. Ndivyo tunavyosema stendi, ndivyo tunavyosema misibani. Nikafikiri watu wote ninaowajua, wazee wenzangu, kanisa, nyinyi.

"Sijui, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa sawasawa, akapanda, akaenda kukaa upande wa pili wa basi ambako sikuweza kumwona.